Mwite

Siku ya kwanza niliingia na helmeti kichwani,
kama Posta inavyoagiza,
na mtaa mzima ukanyamaza.
Muuza samaki alikiweka kisu chini, taratibu.
Juu, dirisha likafungwa, kisha la pili, la tatu,
nikabaki mimi na pikipiki yangu inayokohoa.
Kijana asiyeota ndevu bado
akanijia akitafuna mbegu za maboga,
akaigonga helmeti kwa kifundo cha kidole, ko, ko,
kama apigaye hodi.
"Huku," akasema, "waficha uso huja kwa kazi moja."

Kwetu Bergamo kuna ukungu, na milango ina namba.
Hapa Napoli, siku ya tatu mgeni hapewi jembe:
anavuliwa kofia, watu walione paji lake la uso,
wamuulize mama yake ni nani.

Kijana waliita Mbegu. Jina la cheti sikuliuliza;
nilishaanza kufundishika.

Kengele za milangoni zimekufa kitambo. Unaita.
Unaita jina la utani, kwa sauti ya kuuza vitunguu,
isipokuwa bahasha ya kijani, ile ya mahakama:
hiyo unaifunga ndani ya gazeti
na unazungumzia mvua.
Kiti cha plastiki kilichosimama peke yake barabarani
kimekaliwa.
Matundu matatu kwenye ukuta wa kinyozi,
yaliyozibwa kwa dawa ya meno,
ni ukuta.
Usiseme "fulani yuko wapi?" Sema "fulani anahitaji chochote?"
Na ukipewa ndimu, chukua. Hata ya tano. Hata mfuko umejaa.

Haya hayakuandikwa popote. Mimi, mtu wa maandishi,
niliyasoma kama kipofu, kwa kujigonga.

Mwezi wa pili nilikuwa na barua ya Sabatino, ghorofa ya nne:
chuo cha udereva kinamkumbusha mtihani.
Picha yake ilikuwa pale pembeni, ndani ya kisanduku cha kioo,
taa ya buluu, maua ya nailoni, miaka kumi na tisa.
Nikatoa kalamu niandike *amefariki*, irudi ilikotoka.
Mbegu akanishika kifundo cha mkono.
Hakunibana. Alishika tu.
"Mwite."
Nani?
"Mwite, tarishi."
Nikaita. Sabatino! Barua!
Sauti yangu ya kaskazini ikapanda katikati ya nguo zilizoanikwa,
ikapita mashuka, ikafika.
Kikapu kikashuka kwa kamba, kikiyumba,
na sauti ya Bi Nunziatina nyuma yake:
"Amelala. Weka humo."

Ndani ya kikapu mlikuwa na ndimu.

Mwaka jana mkaguzi alinifungulia daftari.
"Bwana Locatelli, njia yako haijarudisha barua hata moja.
Miaka mitatu, hajafa mtu?"
Nikamwambia ni mtaa wenye afya.
Muuza samaki alicheka siku nzima nilipomsimulia,
akanipa pweza, akakataa hela,
nikajiona mwenyeji.

Mwenyeji. Neno tamu, lina kokwa.

Maana jioni moja ya Alhamisi, mvua nyepesi,
pikipiki ilinipita bila haraka,
watu wawili, helmeti mbili nyeusi.
Wa nyuma nilimjua kwa viatu,
na kwa ganda la mbegu lililonasa kwenye kola.
Madirisha yakaanza: la kwanza, la pili.
Mdomo nilikuwa nao, na jina lake lilikuwamo,
na sauti ya kuita ninayo, alinifundisha mwenyewe.

Nikainamisha macho kwenye bahasha,
nikaisoma anwani, nikairudia,
herufi kwa herufi,
kama mtoto wa darasa la kwanza.