Daftari la Kuni

Kila mtoto, gogo moja. Hiyo ndiyo ilikuwa ada
ya shule yetu kule Racha, milima ya Kaukazi,
theluji ikipanda hadi vizingiti vya madirisha
na umeme ukija usiku wa manane, kama mwizi,
ukiondoka kabla hatujaamka.
Jiko la chuma lilikaa katikati ya darasa
likila kutushinda sote.

Mwalimu Shorena alimteua Tekla awe kiranja wa kuni.
Si kwa akili; mwenye akili alikuwa Zurab.
Si kwa nguvu; alikuwa mwembamba kama ufito wa ua.
"Huyu," alisema, "hajui kupendelea,"
akamkabidhi daftari la mistari na penseli
iliyotafunwa na viranja waliotangulia.

Mimi nilikuja mikono mitupu.
Baba alikwenda Moscow kujenga ghorofa za watu, akanyamaza.
Shoka tuliliuza mwezi wa kumi na moja,
na vijiti alivyookota bibi vilitosha chungu kimoja, basi.
Nikasimama mlangoni nikitazama viatu vyangu
(cha kushoto kilikuwa cha dada).
Tekla akanitazama, akalitazama rundo,
akaandika: Gocha, moja.

Siku ya pili, moja. Wiki nzima, moja, moja.
Baridi yote ile niliota moto karibu na jiko
kwa kibali cha penseli iliyodanganya,
na asante sikusema. Mtoto wa kiume, unajua tena.

*

Sasa ana miaka ishirini na saba, ni diwani.
Alishinda kwa kura kumi na moja, bila bango hata moja,
akipita nyumba kwa nyumba na daftari la mistari,
akiandika nani hana maji, nani paa linamvujia.
Wapinzani walicheka: huyu anagombea udiwani au ukarani?

Mimi nina malori mawili na kandarasi ya halmashauri:
kokoto, barabara ya kwenda makaburini,
tripu sitini.
Sitini kwenye karatasi.

Nikaingia ofisini kwake na hati ya kutiwa saini,
nimeoga, nimebeba divai ya mjomba.
"Tekla," nikasema, "unakumbuka? Gocha, moja."
Akacheka. Alicheka kweli, hadi akashika shavu.
Kisha akavua viatu vya ofisini, akavaa mabuti.
"Twende tukahesabu."

Tulitembea. Kila baada ya hatua mia
alichoma kokoto kwa nondo aliyoitia alama,
akainama, akasoma kina, akaandika.
Ng'ombe walitupisha shingo upande.
Kwenye kona ya kinu nikaanza kutokwa jasho.

"Mwaka ule," nikasema, nikitafuta neno la kumlainisha,
"uliandika kitu ambacho hakikuwepo."
Hakuinua kichwa. "Kilikuwepo."
"Tekla, nilikuja mikono mitupu."
"Wewe, ndiyo." Akafuta tope kwenye nondo.
"Mimi nilikuja na mawili.
Mama alidhani nayauza."

Miaka kumi na saba nimeishi nikiamini
kwamba serikali ya kwanza niliyoijua maishani
ilikuwa uongo wenye huruma,
na juu ya uongo huo nikaegesha malori mawili.
Kumbe hesabu ya darasa lile ilikuwa sawa,
gogo kwa gogo, hadi jivu.
Kumbe kulikuwa na bega lililochubuka, na sikuuliza.

Tukafika makaburini. Bibi yangu yuko pale, safu ya tatu,
na hapo mbele yake kokoto zangu zilikuwa nyembamba
kama chumvi juu ya mkate.
Tekla akalamba ncha ya penseli,
mwanamke mzima, mwenye kalamu za wino mezani,
akaandika: Gocha, arobaini na moja.

Akaligeuza daftari nilione vizuri.
Kisha akaniuliza, kama anayeuliza habari za nyumbani,
zile kumi na tisa nitazileta Jumatatu
au Jumanne.