Nukta ya Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, mjini Łódź, theluji ikianguka,
mtu anauliza mashine:
mtoto joto thelathini na tisa anatetemeka nifanyeje
Hakuandika jina. Hakuandika tafadhali.
Mwingine, mtaa wa Bałuty: kikohozi kikavu.
Mwingine: vitunguu saumu na asali, vijiko vingapi.

Hospitali bado imelala,
daktari hajaandika cheti hata kimoja,
lakini kwenye kioo cha Dobrawa
mstari umeinua kichwa
kama mbwa aliyesikia hatua langoni.

Dobrawa hauamini upesi. Si kila wingu mvua.
Novemba mwigizaji alikohoa kwenye tamthilia,
nusu ya mji ikauliza habari za mapafu,
na hakuna aliyeugua ila yeye, tena kwa kulipwa.

Anahesabu upya. Anapepeta kelele, anabakiza homa.
“Wiki mbili,” anaandika. “Tayarisheni vitanda.”

Halafu nukta moja, ya juzi, saa nne na dakika sita:
mama mzee hataki kula mwili unamuuma
duka la dawa lililo wazi

Maneno yale anayajua.
Vidole vilivyoyaandika ni hivi.

Anavaa koti.
Mstari unaendelea kupanda bila yeye.