Siku ya Tano, Cinkassé

Lori la Salissou halijasogea.
Anahesabu mihuri: Niger mmoja, Burkina miwili,
wa Togo bado,
wino umekauka,
au mwenye wino kaenda kula.

Chini ya turubai magunia yanatoka jasho.
Kitunguu kimoja cha Galmi kimechoka kungoja:
kimechipua, jani limetokeza tunduni,
limeelekea kusini
bila pasi, bila kuomba ruhusa.

Simu kutoka Lomé. Mama Akouélé:
“Sufuria iko motoni, mwanangu.
Ule mkataba wa njia huru, wakubwa waliutia sahihi lini?”
“Kabla sijazaliwa, mama.”
“Basi mwambie huyo afande ausome.”

Salissou analichuma lile jani,
analitafuna na mkate mkavu.
Mlingoti wa mpaka umelala kimya juani.
Wino bado.