Smati

Baba yangu, Zablon Amukoa, dobi wa Ziwani,
alikuwa na neno moja la Kizungu alilolipenda.
Smati.
Kwake maana ilikuwa kola:
kola iliyosimama, na mkunjo wa suruali
unaoweza kukata sabuni.

Siku ya wazazi Bi Nduku akamwambia,
"Mzee, huyu binti yako ni smati."
Baba akanikagua kuanzia soksi kwenda juu,
akanyoosha mgongo.
"Asante mwalimu. Nimempiga pasi mwenyewe, alfajiri,
ingawa makaa yalikuwa na unyevu."
Darasa likaangua kicheko.
Nilikuwa wa kwanza kwa hesabu
na nikatamani sakafu inimeze.

Neno halikuniacha.
Upper Hill, bwana mwenye tai ya zambarau
alifunga faili langu akasema, "Uko smati sana,"
na hadi leo sijui alisifu nini.
Kazi sikupata.
Jogoo Road, askari: "Unajifanya smati?"
Hapo sifa ikawa shtaka,
nikawa mjinga kwa dakika kumi na shilingi mia mbili.
Luthuli, fundi anaikung'uta simu yangu:
"Hii ni smati, mathe, inajua kutuliko."
Kioo kimepasuka kama ugali uliokauka.

Nimetafuta la kwetu lenye kubeba yote.
Mwerevu? Huyo analala chumba kimoja na mjanja.
Nadhifu hana habari na hesabu.
Mtanashati ni wa harusini, Jumatatu humwoni.
Kamusi nene ya maktaba ikaniambia
kwamba zamani, huko kwao, neno hili lilikuwa maumivu,
jinsi kidonda kinavyochonyota.
Nilimsomea baba. Akasema kamusi imekosea,
akanyunyiza maji kwenye shati la mtu.

Mochari walitaka nguo kabla ya saa tatu.
Kabatini mwake kulikuwa na suti nzuri ya kijivu,
ya mteja asiyerudi tangu sijazaliwa,
tikiti ingali imebanwa kwa pini.
Sikuigusa. Angefufuka anigombeze.
Nikachukua ile yake ya kahawia,
nikawasha makaa.

Mhudumu akavuta shuka, akarudi nyuma hatua moja.
"Mzee yuko smati."
"Asante," nikasema. "Nimempiga pasi mwenyewe."
Sikumwambia kola imeungua upande wa kushoto,
wala kidole gumba changu,
nilichokificha mfukoni,
kinachonyota.