Kura Kumi na Tisa

Saa tisa na nusu usiku, Kettering.
Wazee wamelala, au wanajifanya,
na Jincy ameegemeza simu
kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Kwao ni saa mbili asubuhi:
wanakata lakiri, mashine zinaanza kutapika.

Kerala ina viti ishirini,
macho yake yako kwa kimoja.
Vigogo wana rangi, wana helikopta.
Mjomba wake Kunjachan, fundi nguo,
alipangiwa alama ya cherehani
akacheka kutwa: Tume imenijuaje?

Aligombea kwa ajili ya daraja.
Limeahidiwa chaguzi nne,
lina jiwe la msingi, lina jina la waziri,
daraja lenyewe ndilo halipo.
Mimi ni Mpare wa Same;
mawe ya msingi nayajua, tunaanikia mahindi.

Raundi ya kwanza: sitini na moja.
Kengele ya chumba namba saba.
Namgeuza Bwana Pettifer ubavu wa kushoto,
nabadili shuka, nanawa, narudi:
mia mbili na tatu.
"Anapanda!" nasema.
Jincy ananitazama kama mama
aliyesifiwa mwanawe kunenepa
naye anajua amevimba.

Wagombea kumi na mmoja. Wa kumi na mbili si mtu,
ni kitufe cha chini kabisa: Hakuna Anayefaa.
Hakuna Anayefaa ana elfu tano na mia tisa.
Hakubandika bango hata moja.
Hakupita juani na kipaza sauti cha kuazima,
hakumwamkia mtu,
hakuahidi hata kalvati.

Kunakucha mapema mwezi huu.
Bi Doreen anatoka na gauni la kulalia,
majina ya wanawe yalishamtoka,
lakini ujanani alihesabu kura ukumbi wa mji
na hilo halijamtoka.
"Mnahesabu?"
Nani amkatalie? Nampa leso za karatasi.
Analowesha kidole, anapanga hamsini hamsini,
moja imechanika, anaiweka kando:
"Hii imeharibika."

Saa moja kasorobo kaka mtu anapiga.
Alikuwa wakala, ametoka nje ya ukumbi,
nyuma yake fataki za watu wengine.
Elfu moja, mia moja ishirini na sita.
Dhamana imeliwa.
"Dhamana ile," Jincy ananiambia kwa sauti ya kawaida,
kama anayesoma chati ya mgonjwa,
"ni zamu zangu za Pasaka."

Halafu kaka anataja kituo chao, shule ya kanisa,
wanapopigia ukoo mzima.
Kumi na tisa.
Jincy anarudia: kumi na tisa?
Sisi ni thelathini na mmoja.

Anaanza kuwapanga kwa vidole.
Aleyamma hapana, Aleyamma alilia kwenye mkutano.
Thomaskutty labda, tangu lile shamba la mpira.
Saji. Mke wa Saji.
Wote walikula samaki mezani kwake Jumapili,
wote walishonewa bure nguo za harusi.
Kikulacho ki nguoni mwako, nataka kusema;
nakumbuka mtu ni fundi nguo, nameza.

"Yeye yuko wapi?" anauliza.
Dukani. Amefungua saa sita.
Shule zimefunguliwa, kuna sare arobaini za kukunja pindo,
mbili kati ya hizo za watoto wa Saji.
Anasema pesa atakurudishia, kidogo kidogo.
Anasema usihesabu watu.

Mlango wa mbele unalia, zamu ya asubuhi inaingia,
mtu anauliza nani kamaliza maziwa.
Jincy bado ana simu sikioni
ingawa kaka amekwisha kata.
Bi Doreen anafunga bunda la mwisho kwa mpira,
anaichukua ile leso iliyochanika,
anamwekea kiganjani:
"Hii haimo kwenye hesabu, mwanangu.
Itumie."