Kisanduku cha Ufagio

Agosti, Sohar, ofisi ya mishahara bandarini.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi.
Mimi Thuwaiba, mwenye funguo za kabati
na muhuri mmoja usio wangu.

Tangazo tumelibandika mlangoni:
posho ya masomo, watoto wasiozidi watatu,
haikatwi kitu, inaingia nzima kama yai.

Mhina Semkuya, mwendesha kreni, gati la nne,
alilisoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa Kiswahili
(alishanisikia nikigombana na mama kwenye simu):
"Dada, nzima kweli? Hata kodi?"
Nikamwambia hapa mshahara hauna kodi.
Akacheka. "Kodi ninayoijua mimi ni ya kitanda.
Chumba kimoja, watu sita,
na anayechelewa kulala anakuta mto umekwenda."

Idadi ya watoto. Akaandika wawili.
Akafuta. Mmoja. Akaandika tena wawili
mpaka karatasi ikatoboka.
Hoza ni wa tumbo la mkewe.
Mboni ni wa dada yake, aliyezikwa Muheza
siku ambayo yeye alikuwa juu ya kreni
akishusha mabomba, simu iko chini, kabatini.
"Ni wangu," akasema. "Sikumzaa, lakini ni wangu.
Mtu wa namna hiyo anajazwa wapi?"

Sikumjibu. Mama yangu alilelewa na shangazi,
Kikwajuni, na mpaka leo akiulizwa wazazi
anataja watatu.

Fomu inataka risiti. Wiki ya pili akaleta
karatasi ya daftari, mistari ya buluu,
mwandiko wa mwalimu uliolalia kushoto:
Mboni, darasa la tano, ametoa
mahindi debe moja
maharage kilo nane
mlinzi, elfu mbili
ufagio mmoja.

Mfumo wetu una visanduku kumi na kimoja.
Una basi, sare, vitabu, hata kuogelea.
Mwanangu analipiwa kuogelea
na maji anayaogopa.
Kisanduku cha ufagio hamna.

Nikakaa na karatasi ile mpaka adhana ya alasiri.
Debe la mahindi ni riali ngapi? Nikampigia mama.
"Mahindi ya mwaka huu au ya mwaka jana?"
Kisha: "Debe lililosawazishwa, au lenye kilima?"
Nusu saa tulihesabu,
yeye kwa shilingi za enzi zilizokufa,
mimi kwa baisa.

Ufagio niliuweka baisa mia mbili.
Nikaandika: vifaa vya kujifunzia.
Uhusiano wa mtoto na mfanyakazi: mboni.
Nikaona nimechanganya jina na jibu,
nikaacha hivyo hivyo.

Mkaguzi alikuja Oktoba, kijana, viatu vinang'aa.
Kalamu yake ikashuka ukurasa, ikasimama.
"Hiki ni nini?" Nikamweleza ufagio.
"Wanafunzi wanafagia shule wenyewe?"
Kila asubuhi, kabla ya kengele.
Akatazama sakafu yetu,
ambayo Rafiqul huipiga deki saa kumi na moja alfajiri
na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akiipiga.
Akageuza ukurasa. Hakuweka vema,
wala hakuweka kosa.

Posho iliingia tarehe ishirini na nane.
Hoza: imelipwa.
Mboni: inasubiri.

Inasubiri nani, mfumo hausemi.
Nimeshaandika barua mbili juu, ya tatu iko mezani,
nimeianza kwa heshima, sijui nitaimaliza kwa nini.

Mhina hajauliza. Akitoka zamu ya usiku
anapita dirishani kwangu, kofia ya kazi kwapani,
haingii,
ananyoosha vidole viwili
kama mtu anayeagiza chai.