Kutoa Sita

Baba aliinunua kwa malipo ya chai ya Katumba,
mwaka ambao mvua ilisahau kukatika,
akaibeba begani kutoka Tukuyu mpaka Kyimo
imefungwa blanketi kama mtoto mwenye surua.
Kabla hajaitundika alifungua kioo,
akausukuma mshale kwa kidole, polepole,
akiisubiri igonge kila alipopita namba,
hadi ule mfupi ukatoka saba, ukatua moja.
"Sasa inajua Kiswahili," akasema,
akafuta alama ya kidole kwa shati.

Tangu hapo jua lilipopanda nyuma ya Rungwe
ilikuwa saa moja, ikaonekana moja,
ikagonga mara moja.
Shuleni mwalimu alituchapa:
mshale ukiwa nane, semeni mbili,
toa sita, toa sita, ikigoma ongeza sita.
Nyumbani hatukutoa kitu.

Baba hayupo. Mama huijaza kila Jumamosi,
mizunguko kumi na minne,
ufunguo unaning'inia kwenye kamba ya ndama.
Umeme umefika. Mama ana balbu moja
na hiyo amewapa vifaranga, wasife na baridi ya Juni;
yeye mwenyewe anakaa na koroboi,
anasema balbu inamtazama mno.
Sisemi koroboi ni nzuri. Asubuhi pua yake
ni nyeusi kama kitako cha chungu.
Na saa yenyewe huchelewa dakika tisa kwa wiki;
basi la Mbeya limetuacha mara ngapi.

Desemba akaja Lusekelo, mtoto wa dada yangu,
kutoka Mwanjelwa, simu mkononi kama kidole cha sita.
Akaitazama saa, akaitazama simu,
akamwonea huruma bibi yake.
Akapanda stuli alfajiri, akaurudisha mshale nyuma
kwa mkupuo mmoja, mpaka vikalingana.
Hakumwambia mtu. Alidhani ni zawadi.

Ukungu siku hiyo ulishuka hadi kwenye migomba,
jua halikuwa na mahali pa kushikia.
Mama akatoka kukamua, akarudi na ndoo,
akainua macho: saa saba.
Saa saba!
Akabandika ndizi za mchana huku akijilaumu,
akamtuma mtoto wa jirani kwa mchungaji
kuomba radhi kwa mazishi ya mzee Asumwisye
yaliyompita hivi hivi.
Kumbe marehemu ndiyo kwanza anaoshwa.

Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa chini.
Kisha akanyamaza.
"Na hizo saa sita zangu," akauliza,
"muda wote huo alikuwa nazo nani?"
Lusekelo akatazama kiganja chake.

Niliurudisha mshale mimi, lakini ndani
kitu kilikuwa kimeshateguka:
uso unaonyesha mbili, kengele inagonga tano.
Fundi wa Tukuyu aliipapasa, akaiwekea sikio,
akaniuliza kwa nini nisinunue ya betri,
elfu kumi na mbili tu, ina picha ya maua.
Mama anasema iacheni,
hata yeye siku hizi anamtazama Tusekile
anamwita Lugano, na Tusekile anaitika.

Usiku, Uyole, simu yangu imeandika 19:59.
Natoa kumi na mbili, natoa na sita,
bila hata kujua kama natoa.
Nampigia.
"Mama, saa ngapi huko?"
kana kwamba Kyimo ni ng'ambo ya bahari.
"Ngoja," anasema, na nasikia anapunguza redio.

Inagonga. Moja. Mbili.
Simu inahesabu sekunde zake, inakula salio.
Tatu. Mbwa wa jirani anaingilia.
Nne. Halafu, kwa kusitasita, tano.

"Saa mbili," anasema mama. "Umekula?"